Mwanaanga aliyerejea na kukuta nchi yake haipo tena

MACHI 25, 1992, chombo cha Soyuz kilitua katika nyika yenye baridi karibu na mji wa Arkalyk, nchini Kazakhstan. Miongoni mwa watu watatu waliotolewa ndani yake alikuwamo Sergei Krikalev, mhandisi mwenye umri wa miaka 33, uso umempauka na miguu ikiwa haina nguvu ya kumbeba baada ya kukaa angani siku 311.

Nchi iliyomtuma, Umoja wa Kisovieti, ilikuwa imekwisha kusambaratika. Mji aliozaliwa, Leningrad, ulikuwa umerejeshewa jina lake la zamani la St Petersburg. Hata ardhi aliyotua, ambayo alipoondoka ilikuwa sehemu ya nchi yake, sasa ilikuwa mali ya taifa jingine.

Kwa miaka mingi kisa hicho kimesimuliwa kama cha mtu aliyetelekezwa angani kwa kuwa serikali yake haikuwa na fedha za kumrudisha. Simulizi hiyo ina chembe ya ukweli, lakini haielezi kwa nini ni yeye aliyebaki wakati wenzake walirejea. Jibu limo katika kazi aliyokuwa akiifanya.

Katika safari za Soyuz, kamanda ndiye mkuu wa msafara na ndiye anayeongoza chombo. Mhandisi wa safari ndiye anayeijua mitambo: umeme, hewa ya kupumua, maji, mawasiliano na kompyuta. Kifaa kikiharibika kilomita mamia kadhaa juu ya ardhi hakuna fundi wa kuitwa. Fundi ni yeye.

Krikalev aliandaliwa kwa kazi hiyo tangu ujana wake. Alizaliwa Agosti 27, 1958, akahitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1981, na mwaka huohuo akaajiriwa na Energia, shirika lililobuni vyombo vya anga vya Kisovieti. Mwaka 1985, kituo cha Salyut 7 kilipokatikiwa na umeme na mawasiliano, alikuwa miongoni mwa wataalamu waliofanya kazi ardhini kukiokoa. Mwaka huo pia alichaguliwa kujiunga na wanaanga. Safari yake ya kwanza ilianza Novemba 1988 hadi Aprili 1989, katika kituo cha Mir.

Safari ya pili, iliyompatia umaarufu, ilianza Mei 18, 1991. Aliruka na kamanda Anatoly Artsebarsky pamoja na Helen Sharman, raia wa kwanza wa Uingereza kufika anga za juu. Sharman alirejea baada ya siku chache, na Krikalev alitarajiwa kukaa kwa takriban miezi mitano.

Ilipofika Julai, mambo yalibadilika. Kwa sababu ya ukata, safari mbili zilizokuwa zimepangwa ziliunganishwa kuwa moja. Chombo kina viti vitatu tu. Kimoja kilikuwa cha kamanda mpya, Alexander Volkov. Cha pili kilikuwa cha Franz Viehböck, ambaye nchi yake ya Austria ilikuwa imelipia safari hiyo. Cha tatu, ambacho kingekuwa cha mhandisi, alipewa rubani Toktar Aubakirov wa Kazakhstan, jamhuri yenye uwanja wa kurushia roketi wa Baikonur, ambayo wakati huo ilikuwa ikidai sauti zaidi katika mambo yake.

Aubakirov hakuwa ameandaliwa kwa ukaaji wa muda mrefu. Krikalev aliombwa aendelee na kazi, naye akakubali. Oktoba 10 Artsebarsky alirudi ardhini pamoja na wageni hao wawili. Krikalev akabaki na Volkov.

Ni vyema ikaeleweka kwamba hawakuwa wafungwa. Chombo cha Soyuz kilikuwa kimetia nanga kituoni muda wote, tayari kuwarudisha endapo kungetokea dharura. Lakini kuondoka kabla ya wenzao kufika kungemaanisha kuiacha Mir bila mtu, katika kipindi ambacho hata mwenye kituo hicho alikuwa hajulikani vyema. Desemba 25, 1991, Rais Mikhail Gorbachev alijiuzulu na bendera ya Kisovieti ikashushwa Kremlin, huku wawili hao wakiendelea kuizunguka dunia takriban mara 16 kwa siku.

Warithi wao waliwasili Machi 1992, na hapo ndipo walipokabidhi kituo na kurudi.

Krikalev, ambaye tayari alikuwa Shujaa wa Umoja wa Kisovieti, mwezi uliofuata akawa mtu wa kwanza kutunukiwa hadhi ya Shujaa wa Shirikisho la Urusi.

Hakuishia hapo. Februari 1994 alikuwa Mrusi wa kwanza kuruka na chombo cha Marekani, Discovery. Desemba 1998 yeye na kamanda Robert Cabana waliingia pamoja, wakiwa wa kwanza, katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Novemba 2, 2000 alirejea humo kama mhandisi wa kikosi cha kwanza cha wakazi, na kwa zaidi ya miaka 20 iliyofuata kituo hicho hakikuwahi kukosa watu.

Alipohitimisha safari yake ya sita, Oktoba 2005, alikuwa amekaa angani jumla ya siku 803, rekodi iliyodumu hadi mwaka 2015 ilipovunjwa na Mrusi mwenzake, Gennady Padalka. Baadaye, kuanzia mwaka 2009 hadi 2014, aliongoza kituo cha mafunzo ya wanaanga kinachoitwa kwa jina la Yuri Gagarin.

Serikali iliyompa kazi ile mwaka 1991 ilitoweka kabla hajaimaliza. Yeye aliimaliza, kisha akaikabidhi kwa waliokuja kumpokea.