Simu ya Pili

Kila asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote, mimi hupitia kumbukumbu za usiku za mifumo ya ofisi: nani kaingia, saa ngapi, kwa kifaa gani, kutoka nchi gani. Siku hizi nenosiri moja humfungulia mfanyakazi barua pepe, mafaili, hata mishahara, vyote vikiwa kwenye wingu. Mwizi akilipata, naye hufunguliwa vyote.

Vijana ninaowafundisha kazi hii nawapa kisa cha FireEye, kampuni ya Marekani ya usalama wa mitandao. Mwishoni mwa 2020, akaunti ya mfanyakazi wao mmoja ilionekana imesajiliwa simu ya pili ya kuthibitishia kuingia. Watu hununua simu mpya kila leo, wengi tungepita. Wao walimpigia mwenye akaunti wakamuuliza kama ni yake. Akasema hapana. Uchunguzi ulioanzia hapo ndio uliofichua udukuzi wa SolarWinds, kampuni ambayo wateja wake wapatao 18,000 walikuwa wamepokea programu iliyopenyezwa mlango wa siri.

Kwa baadhi ya waliovamiwa, wadukuzi waliiba ufunguo ambao seva ya utambulisho hutumia kutia sahihi vibali vya kuingia. Mwenye ufunguo huo hana haja na nenosiri la mtu. Hujiandikia kibali kwa jina lolote, hata la msimamizi mkuu, na wingu hukikubali. Kampuni ya CyberArk ilikuwa imeieleza mbinu hii tangu 2017. Ukisubiri tahadhari ya nenosiri lililokosewa, utasubiri sana, maana hakuna aliyeliandika.

Dawa yake ni kulinganisha kumbukumbu za pande mbili. Wingu linasema mhasibu kaingia saa nane usiku. Seva ya utambulisho haionyeshi kwamba ilimpa kibali. Kibali hicho ni kama risiti iliyo mkononi mwa mteja bila nakala kwenye kitabu cha duka. Ofisi inayotunza kumbukumbu za upande mmoja tu haiwezi kuliona pengo hilo, na kwangu huo ni uzembe.

Ukitilia shaka akaunti, mpigie mwenye akaunti kwa namba unayoijua. Usimwandikie barua pepe, huenda mwizi ndiye anayeisoma. Nawe mfanyakazi ukiulizwa kama kifaa fulani ni chako, jibu ndiyo au hapana. Anayekuomba nenosiri au namba ya uthibitisho, mkatie simu, kisha toa taarifa siku hiyohiyo.