MBABULA YAKO INATOA JOTO KIASI GANI?



Kila jioni mbabula zinawaka mbele ya milango yetu. Juu yake tunapika bukari, sombe na maharagi. Resho ya umeme imeandikwa nguvu yake kwa chini, lakini mbabula haikuandikwa kitu. Tunanunua mfuko wa makala, unakwisha, tunanunua mwingine, wala hatujui joto lile limekwenda wapi.

Leo tutakuonyesha namna ya kupima joto la mbabula yako wewe mwenyewe, kwa sufuria, maji na mizani. Fuata hesabu hii mpaka mwisho, maana mwisho wake unahusu uzima wa jamaa yako kuliko mfuko wako wa feza.

JOTO LINAHESABIWA NAMNA GANI?

Mafuta tunayapima kwa litri, unga kwa kilo. Joto tunalipima kwa kalori. Kalori moja kubwa ni joto linalotosha kupandisha litri 1 ya maji kwa digrii 1. Kuna hesabu mbili nyingine za kushika:

– Litri 1 ya maji ikigeuka yote kuwa mvuke, inakula kalori 540 hivi.
– Kilo 1 ya makala makavu, ikiungua vizuri, inatoa kalori 7 000 hivi. Basi kila gramu 1 inatoa kalori 7.

Jambo lingine: kwetu Lubumbashi tuko juu, karibu metre 1 200 kupita bahari. Kwa sababu hiyo maji hayangoji digrii 100 ili yachemke. Yanachemka kwenye digrii 96 hivi. Kolwezi ni juu zaidi, na huko yanachemka mapema kidogo tena.

NAMNA YA KUPIMA

Fanya kazi hii nje, mahali pasipo upepo mkali.

1. Pima kilo 1 ya makala makavu. Kama huna mizani, azima kwa mwenye duka.
2. Tia litri 3 za maji katika sufuria. Maji ya bomba wakati wa baridi yana digrii 20 hivi. Usichovye kipima-homa cha dispanseri: kinaishia digrii 42, na katika maji moto kitapasuka.
3. Washa mbabula. Makala yakishika moto, weka sufuria bila kifuniko na uangalie saa.
4. Maji yakichemka, yaache yaendelee mpaka saa 1 nzima itimie tangu ulipoweka sufuria.
5. Ondoa sufuria, upime maji yaliyobaki.
6. Mimina makala yaliyobaki ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko, ulifunge. Moto utazimika kwa kukosa hewa. Usiyamwagie maji, kwani yataongezeka uzito na hesabu itaharibika. Yakipoa, yapime.

TUFANYE HESABU

Tuseme umekuta maji yaliyobaki ni litri 2 na nusu, na makala yaliyobaki ni gramu 600. Maana yake nusu litri imekuwa mvuke, na gramu 400 za makala zimeungua.

Joto lililoingia katika maji: litri 3 zimepanda kutoka digrii 20 hadi 96, yaani digrii 76. Mara 3, ni kalori 228. Nusu litri ya mvuke ni kalori 270. Jumla ni kalori 498, tuseme 500.

Joto lililotoka katika makala: gramu 400 mara 7, ni kalori 2 800.

Umeona? Katika kalori 2 800, sufuria imepata 500 tu, yaani 18 kwa mia. Kalori 2 300 zimekwenda katika chuma cha mbabula, katika hewa na katika upepo. Usifikiri mbabula yako ni mbaya kuliko za wengine. Mbabula nyingi za chuma kitupu ziko hivyo.

Linganisha sasa na umeme. Resho ya wati 1 000 inatoa kalori 860 kwa saa 1. Mbabula ile ndogo imetoa 2 800, zaidi ya mara 3.

FAIDA YA KWANZA: MFUKO WA MAKALA

Angalia ule mvuke. Nusu litri iliyopotea imekula kalori 270. Joto lile lingetosha kuchemsha litri 3 na nusu nyingine! Basi, mama, funika sufuria. Tena, maji yakiisha kuchemka, punguza moto. Maji yanayoruka kwa nguvu na maji yanayochemka polepole yana digrii zile zile 96. Maharagi hayaivi upesi zaidi kwa sababu maji yanaruka. Loweka maharagi tangu jana yake. Kinga mbabula na upepo. Ukiisha kupika, zima makala katika kopo, utayatumia kesho. Na kama fundi anaweza kukutia udongo wa kuchomwa ndani ya mbabula, kama mafundi wa Kenya walivyoanza kufanya katika miaka ya 1980, joto litabaki kwenye moto na sufuria itapata sehemu kubwa zaidi.

FAIDA YA PILI: UZIMA

Sasa tufike kwenye zile kalori 2 300 zilizopotea. Katika mwezi wa sita na wa saba, usiku baridi inauma. Baba anatazama makala mekundu mlangoni na kuwaza: «Joto hili lisipotee bure. Tuliingize chumbani, watoto walale vizuri.» Tena anafunga mlango na dirisha, anaziba na tundu la juu kwa kitambaa.

Ndugu, hapo ndipo hesabu inageuka. Huwezi kuingiza joto la makala peke yake. Kila gramu inayoungua inatoa pia gazi, na moja ya gazi hizo ni sumu: monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Ikiingia katika mapafu inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa nzuri tunayohitaji. Damu inatembea, lakini haibebi tena uzima.

Tupime na gazi hii. Tuseme katika zile gramu 400, sehemu 1 tu kwa 10 ya kaboni imeungua vibaya na kuwa sumu. Hiyo inafanya zaidi ya litri 60 za gazi. Chumba cha metre 3 kwa 3, chenye kimo cha metre 2 na nusu, kina litri 22 500 za hewa. Kama kimefungwa sana, kila litri 1 000 za hewa zitakuwa na karibu litri 3 za sumu. Sasa ujue: nusu ya hiyo, litri 1 na nusu kwa 1 000, inaweza kuua mtu mzima ndani ya saa 2 hivi. Na hayo ni makala ya saa 1 tu.

Wengi wanasema: «Sisi tunangoja moshi uishe, makala yawe mekundu safi.» Hilo ndilo kosa kubwa. Moshi unakufukuza kwa sababu unachoma macho. Gazi hii haikufukuzi. Makala mekundu yasiyo na moshi yanaitoa, na yakifunikwa na majivu au yakikosa hewa yanaitoa zaidi. Wengine wanaweka sufuria ya maji juu, ati maji yatakamata gazi. Maji hayaikamati.

Wewe unayefanya kazi chini ya udongo unajua jambo hili. Baruti zikiisha kulipuka, hakuna anayerudi mahali pale kabla ya vantilatera kufukuza hewa mbaya. Katika hewa ile mna gazi hii hii. Kwa nini basi ukubali kulala nayo, wewe na watoto?

Alfajiri moja ya mwezi wa saba niliitwa kwa baba mmoja, mke wake na watoto wao wawili. Mama hakuamka alipoitwa. Watoto walikuwa wanatapika. Baba alikuwa anayumba kama mlevi, naye hanywi pombe. Majirani walikuwa wamekwisha kuanza kusema mambo ya uchawi. Mbabula ilikuwa bado na joto pembeni ya kitanda. Tuliwatoa nje, tukawapeleka hospitali, wakapewa oksijeni. Wote wanne walipona. Yule baba ni mtu wa kazi ya chini, miaka mingi. Aliniambia: «Muganga, huko kazini nisingefanya hivyo hata siku moja.»

DALILI NA MSAADA

Kichwa kinauma, kizunguzungu, moyo unachafuka, miguu haina nguvu, akili inachanganyika, kisha usingizi mzito. Wengi wanafikiri ni malaria. Lakini angalia: je, watu wote wa chumba wameugua pamoja? Je, kichwa kinapungua ukitoka nje? Basi fikiri mbabula. Mama mwenye mimba yuko katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa mtoto tumboni anategemea damu yake.

Ukikuta watu hivi:
– Fungua mlango na madirisha, usikawie ndani.
– Watoe watu nje kwanza, mbabula baadaye.
– Asiyepumua apuliziwe pumzi na mtu aliyefundishwa msaada wa kwanza.
– Wapeleke wote hospitali, hata anayesema amepona.
– Usiwape maziwa wala mafuta. Sumu haiko tumboni, iko katika damu. Tena mtu asiyejitambua anaweza kusongwa.

BARIDI TUIFANYEJE?

Chemsha maji nje, yangoje yapoe kidogo, uyatie katika chupa inayofungwa vizuri, uizungushie kitambaa kizito, uiweke kitandani. Litri 2 za maji zikipoa kutoka digrii 60 hadi 30 zinatoa kalori 60, polepole, bila gazi hata kidogo. Iwe mbali na ngozi ya mtoto mchanga, asiungue. Vaa soksi, ongeza blanketi, watoto walale pamoja. Tundu la hewa la chumba liache wazi.

Kalori 60 ni chache kando ya 2 800, ni kweli. Lakini ndani ya blanketi zinatosha mtu, na asubuhi wote wanaamka.

Jumapili hii fanya kipimo pamoja na watoto, uani. Waache wapime maji wenyewe, wahesabu wenyewe. Kisha jioni, mkiisha kula, mbabula ibaki nje.