Wahandisi wanaojiajiri: Mtaji hukwama wapi?

Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha uhandisi, na mwaka huo huo likaundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO). Ufundi upo. Kinachowapungukia vijana wengi wanaohitimu ni hesabu ya fedha, na upungufu huo humgusa mwekezaji mdogo anayeombwa mtaji.

Mfano ni karakana inayounda mashine za kukamua alizeti. Mashine moja huuzwa sh. 900,000. Chuma, mota na rangi hugharimu sh. 600,000, na mafundi sh. 120,000. Kijana huona zimebaki sh. 180,000, akafurahi. Lakini pango, umeme na mlinzi ni sh. 540,000 kwa mwezi. Mashine tatu za kwanza hulipia hayo tu.

Ya nne huleta faida, ila ni faida ya kwenye daftari. Wanunuzi hutoa nusu na kuahidi nusu baada ya mavuno. Kwa mashine nne karakana imepokea sh. 1,800,000 na imetumia sh. 3,420,000. Daftari lasema faida sh. 180,000, sanduku lina pengo la sh. 1,620,000, na muuza chuma hangoji mavuno.

Somo la pili ni bei. Mwanafunzi huanza na mchoro, kisha hutafuta mteja. Mfanyabiashara huanza na uwezo wa mteja. Nchini Kenya, shirika la ApproTEC, lililoanzishwa mwaka 1991 na mhandisi Martin Fisher pamoja na Nick Moon, lilileta pampu za miguu za MoneyMaker mwaka 1996 kwa ajili ya wakulima wadogo. Hazikugawiwa bure: viwanda binafsi viliziunda, maduka yakaziuza, kila mmoja akipata fungu lake. Ni kweli kwamba gharama za kubuni na kutangaza zilibebwa na wafadhili, na mfadhili huyo kijana wa karakana hana.

Kwa hiyo anayetaka kuwekeza aulize kwanza juu ya arbuni, kabla ya kuonyeshwa mashine ikizunguka. Arbuni inapaswa angalau kulipia vifaa. Katika mfano huu, ikipanda kutoka sh. 450,000 hadi sh. 600,000 kwa kila mashine, pengo hushuka hadi sh. 1,020,000.