Twamwamini Mungu Tusiyemwona

Leo twataka tufikiri pamoja juu ya swali ambalo Wakristo wengi huulizwa, nyumbani, kazini na hata njiani: Huyo Mungu mnayemwamini yuko wapi, na ni nani aliyemwona?

Swali hili tuliulizwa siku moja katika nyumba ya matanga. Mzee mmoja alikuwa amefiwa na mtoto wake. Watu walipokwisha kuimba na kuomba, alitutazama, akasema kwa sauti ndogo, "Nyinyi watu wa kanisa mwasema Mungu yuko hapa. Mimi simwoni. Nionyesheni basi." Nasi tulifanya haraka kujibu. Tulifungua Biblia, tukamsomea mstari baada ya mstari, wala hakuwa na neno la kuturudishia. Aliinuka tu, akatoka nje, akaketi peke yake chini ya mti. Tulishinda maneno, tukampoteza mtu. Tangu siku ile tumejua kwamba swali hili lataka jibu la namna nyingine.

Twende kidogo mpaka Rabai, karibu na Mombasa. Watu wa Kanisa letu walijua jina la Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na mwaka uo huo akamzika mkewe pamoja na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann. Wote wawili walikuwa Wajerumani waliotumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, CMS.

Tarehe 11 Mei 1848, Rebmann alikuwa safarini kwenda nchi ya Wachaga. Asubuhi aliona mbele yake mlima mkubwa, na juu yake kitu cheupe kama wingu. Alimwuliza kiongozi wake wa safari kile cheupe ni nini. Kiongozi yule hakuwa na jina la kitu kile. Alijibu kwa neno moja tu: baridi. Lakini Rebmann alizaliwa katika nchi ya theluji, akaitambua mara moja. Alipoketi kupumzika chini ya mti, alisoma Zaburi ya 111, ambayo yasifu matendo makuu ya Bwana.

Habari hiyo ilichapishwa Uingereza mwaka 1849. Je, wenye elimu wote walifurahi? La. Wengine waliikataa. Mmoja wao, William Desborough Cooley, alikuwa ameandika mengi juu ya Afrika, ingawa hakuwa amekanyaga nchi hizi. Yeye alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa katika nchi ya jua kali, karibu na ikweta. Kwa hiyo aliyeketi London alimwambia aliyeona kwa macho yake kwamba hakuona. Ilikuwa mpaka mwaka 1861 na 1862, Baron von der Decken alipokwenda Kilimanjaro na kupanda sehemu yake, ndipo neno la Rebmann lilipothibitishwa. Na mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni penyewe.

Wapendwa, habari hii yatufundisha nini?

Kwanza, jambo halikomi kuwa kweli kwa sababu mimi sijaliona. Theluji ilikuwapo kabla ya Rebmann kufika, na Wachaga waliishi chini yake vizazi vingi. Kukataa kwa Cooley hakukuyeyusha hata tone moja. Sisi sote huishi kwa kuamini mashahidi. Hakuna mmoja wetu anayekumbuka siku aliyozaliwa. Twaijua kwa sababu mama alituambia, nasi twajua kwamba mama ni mwaminifu. Kuamini si kufumba macho. Kuamini ni kumtegemea shahidi aliye wa kweli.

Lakini hapa tuwe waangalifu. Asiyeamini aweza kusema, "Mlima naweza kuupanda nikaone. Je, kwa Mungu nitapanda wapi?" Neno lake ni la haki, wala tusimcheke. Mungu si mlima. Yeye ni Roho, na hakuna njia ya miguu ya kupanda mpaka kwake. Ndiyo sababu Injili haituambii tupande. Yatuambia kwamba yeye ameshuka. Someni Yohana 1:18, mtaona kwamba Mungu asiyeonekana amejulishwa kwetu na Mwana wake. Yesu alizaliwa, alichoka, alilia katika msiba wa rafiki yake, akafa, akafufuka. Mitume walimwona, wakamgusa, wakala pamoja naye. Tomaso alikataa kuamini neno la wenzake, na Bwana hakumfukuza. Alimjia, akamwonyesha mikono yake. Kisha akawataja kwa baraka wale ambao wangeamini bila kuona. Habari hii imo katika Yohana 20. Hao waliobarikiwa ni sisi, msikilizaji, mimi nawe.

Pili, mkumbuke yule kiongozi wa safari. Hakujua kuiita theluji, lakini baridi yake aliijua. Majirani zetu wengi wako hivyo. Hawamtaji Mungu kwa jina la Baba yetu, lakini dhamiri huwasumbua wanapodhulumu, nao hushukuru pasipo kujua wamshukuru nani wakati mvua inaponyesha. Paulo alipofika Athene aliona madhabahu ya Mungu asiyejulikana. Hakuanza kwa kuwatukana watu wa mji ule. Alianzia pale walipokuwa, akawaambia kwamba Mungu hayuko mbali na kila mmoja wetu. Soma Matendo ya Mitume 17. Nasi tukitaka kumshuhudia jirani, tumsikilize kwanza, tujue ni baridi gani aliyokwisha kuisikia.

Tatu, shahidi kazi yake ni kusema aliyoyaona na kudumu. Rebmann hakuweza kumbeba Cooley mpaka Kilimanjaro. Alisema aliyoyaona, akaendelea na kazi yake. Alikaa katika nchi yetu miaka 29, akijifunza lugha na kuandika kamusi, na waliobatizwa walikuwa wachache sana. Wa kwanza kuamini alikuwa Mringe, mtu mlemavu, ambaye wengi hawakumhesabu kuwa kitu. Mwaka 1875 Rebmann alirudi kwao. Macho yale yaliyoiona theluji yalikuwa yamepofuka. Mwaka uliofuata alifariki. Hakuyaona makanisa yaliyojaa Kenya baadaye. Alipanda kwa imani, sisi tunavuna.

Basi ndugu, usikate tamaa ukimshuhudia mwanao, mumeo au rafiki yako, naye asiamini leo. Kumgeuza mtu moyo ni kazi ya Roho Mtakatifu. Petro atuagiza tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye juu ya tumaini letu, lakini kwa upole na heshima. Hayo yamo katika 1 Petro 3:15. Asiyejua jibu na aseme, "Sijui, lakini nitakuambia aliyonitendea Bwana." Hiyo si aibu.

Twarudi kwa yule mzee wa matanga. Miezi ilipita kabla hatujapata ujasiri wa kurudi kwake. Tulipofika, hatukufungua kinywa kuhubiri. Tulimwomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mchungaji, maneno yenu nimeyasahau. Lakini wale akina mama wa kanisa walioniletea maji na kuni mpaka leo hawajaacha kuja. Hao nimewaona." Tulikumbuka 1 Yohana 4:12, pale Mtume asemapo kwamba hakuna aliyemwona Mungu wakati wowote, lakini tukipendana, Mungu hukaa ndani yetu. Tumeusoma mstari huo mara nyingi, na kumbe wale akina mama ndio waliotufasiria.

Mzee yule hajabatizwa. Lakini siku hiyo alituuliza swali jingine: "Huyo Yesu alilia kweli?" Nasi tuliketi naye chini ya mti ule, tukasoma pamoja habari za Lazaro, polepole.

Na tuombe. Ee Baba, macho yetu hayakuoni, lakini umetujia katika Mwana wako. Utusamehe pale tulipopenda kushinda kuliko kupenda. Utufanye mashahidi wa kweli, wenye subira na mikono ya kutumika. Uwakumbuke wote wanaokutafuta pasipo kukujua. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.