Bei ya Kila Kilo: Biashara ya Kupunguza Uzito wa Magari ya Zamani

Katika biashara ya kuboresha magari ya zamani, kupunguza uzito ni huduma ambayo kilo zake za mwanzo hupatikana kwa gharama ndogo, lakini kadiri kazi inavyoendelea ndivyo bei ya kila kilo inavyopanda, hadi mteja anapolipa fedha nyingi kwa ajili ya gramu chache. Kwa hiyo mwenye gari, fundi na muuza spea hawana budi kuipima huduma hii kwa kigezo kimoja, yaani gharama ya kila kilo inayoondolewa, badala ya kuongozwa na mvuto wa vifaa vinavyotangazwa.

Soko hili limekua kwa sababu magari mapya yamekuwa mazito. Volkswagen Golf GTI ya mwaka 1976 ilikuwa na uzito wa kilo 810 hivi na injini ya nguvu za farasi 110, ilhali toleo la nane la gari hilo lina uzito wa takriban kilo 1,400, kutokana na mifuko ya hewa, mihimili ya chuma milangoni, kiyoyozi, vizuia kelele na mitambo mingi ya umeme. Gari la zamani huanza likiwa jepesi, na kwa kuwa mifumo yake ni michache, fundi huweza kulifungua bila kuvuruga kompyuta zake.

Faida inayouzwa hapa huelezwa kwa uwiano wa nguvu na uzito, yaani idadi ya kilo zinazosukumwa na kila farasi mmoja wa injini. Gari la kilo 1,200 lenye nguvu za farasi 120 lina uwiano wa kilo 10 kwa farasi. Likipunguzwa kilo 100, uwiano huwa kilo 9.2 hivi, na huondoka kwa kasi sawa na gari la uzito wa awali lililoongezwa farasi 11. Tofauti na nguvu ya injini, wepesi husaidia pia katika kufunga breki, kukata kona na kutunza tairi, ingawa hauongezi sana kasi ya juu kabisa, kwa kuwa katika mwendo huo kizuizi kikubwa ni upepo.

Daraja la kwanza la biashara hii ni kuondoa visivyohitajika, na hapo kinacholipiwa ni muda wa fundi tu. Tairi la akiba pamoja na jeki yake huweza kufikia kilo 20, lita 40 za petroli zina uzito wa kilo 30 hivi, na chini ya zulia la magari mengi ya zamani yamebandikwa mabamba ya lami ya kuzuia sauti, ambayo mafundi huyagandisha kwa barafu kavu, yaani hewa ya ukaa iliyogandishwa, kisha huyagonga yakabanduka.

Daraja la pili ni kubadilisha vifaa, na humo ndimo wafanyabiashara wanamopata faida kubwa. Betri ya risasi yenye kilo 15 hubadilishwa kwa ya lithiamu isiyozidi kilo 5, siti za kawaida hubadilishwa kwa siti za mashindano, na boneti ya chuma hubadilishwa kwa ya faiba au ya nyuzi za kaboni. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.8, ya alumini gramu 2.7, na ya mchanganyiko wa nyuzi za kaboni na gundi gramu 1.6 hivi, lakini nyuzi hizo, ambazo kampuni ya Toray ya Japani ni miongoni mwa watengenezaji wake wakubwa, hupangwa kwa mkono kisha huokwa katika tanuri lenye shinikizo, na ndiyo maana bei yake ni kubwa. Rimu nyepesi zilizofuliwa kwa shinikizo nazo ni ghali, ila zina faida maradufu: huzunguka kwa nguvu ndogo zaidi, na kwa kuwa hazibebwi na springi, huliwezesha tairi kufuata barabara vizuri.

Viwanda vyenyewe viliwahi kuuza wepesi. Porsche 911 Carrera RS 2.7, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1972, iliuzwa pia katika toleo jepesi lenye kilo 960 hivi dhidi ya kilo 1,075 za toleo la starehe, na leo lile jepesi, ambalo ni adimu, huuzwa kwa bei ya juu zaidi. Hata hivyo, thamani hiyo inatokana na uasilia, hivyo mwenye gari anayekata bodi ya gari adimu kwa msumeno huishusha thamani yake, na ni busara kuhifadhi kila kifaa cha asili kinachotolewa.

Sheria nazo huathiri gharama. Nchini Ujerumani, mabadiliko mengi hukaguliwa na kuandikwa katika hati za gari; nchini Japani, gari dogo likibadilika uzito kwa zaidi ya kilo 50, au gari la kawaida kwa zaidi ya kilo 100, huhitaji ukaguzi mpya wa muundo.

Afrika Mashariki, ambako magari mengi yalitumika kwanza Japani, spea za Kijapani huyafaa bila marekebisho makubwa, na mafundi wa bodi wanaoijua faiba wanaweza kuifanya kazi hii kwa gharama nafuu. Barabara mbovu, hata hivyo, huweka mpaka: magari yanayoshindana katika East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003, huongezewa bamba la kukinga injini na springi imara, kwa kuwa gari jepesi lisilofika mwisho halina faida.

Mteja wa kawaida, basi, aanze na kilo zenye gharama ndogo, kisha rimu na betri, na asiguse kamwe mikanda, mihimili ya milango, mifuko ya hewa wala breki, kwa sababu hakuna kilo iliyopunguzwa inayolingana na thamani ya uhai wa abiria.