Mbwa Anabaki na Nani?

Mfanyakazi wa Nairobi anayeishi Kitengela, au wa Dar es Salaam anayekaa Chanika, hutoka nyumbani alfajiri na kurudi giza limeshaingia. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hawezi kuhimili siku ya namna hiyo. Kibofu chake kinabana mkojo kwa saa mbili, tatu akijitahidi. Wafugaji hukadiria saa moja kwa kila mwezi wa umri, wakaongeza moja. Kwa hiyo zulia lililolowa jioni si ukaidi wa mbwa. Mwenye nyumba ndiye aliyekosea hesabu.

Wengi huanza mafunzo kwenye choo, ilhali kazi yenyewe huanzia kwenye bakuli. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana nao huanza kusukuma kilichotangulia, ndiyo maana mtoto wa mbwa hutafuta pa kujisaidia dakika 5 hadi 30 baada ya kula. Akilishwa kwa saa maalumu, saa ya choo hujulikana. Akiachiwa bakuli limejaa kutwa, atadonoa kila apendapo na hakuna atakayejua amtoe nje saa ngapi. Maji hayaingii katika ratiba hiyo: yawepo muda wote. Kumnyima maji ili asikojoe ni ukatili, tena wa hatari kwenye joto la Pwani.

Kabla ya miezi mitatu mtoto wa mbwa hula mara nne kwa siku. Hadi miezi sita, mara tatu. Mbwa mkubwa zinamtosha mara mbili, asubuhi na jioni, na ratiba hiyo inaoana na ya mwajiriwa. Asiye na mtu wa kubaki nyumbani mchana basi achukue mbwa aliyekwisha kukomaa, hata kama watoto wanamlilia yule mdogo mwenye manyoya.

Miji yetu ina bahati moja: nyumba haibaki tupu mara nyingi. Yupo dada wa kazi, yupo mlinzi, yupo jirani. Lakini humo humo ndimo mambo yanamoharibikia. Baba anamlisha kabla ya kuondoka, dada anampa saa nne, mlinzi anamrushia mfupa saa saba, na kila mmoja anadhani ni yeye pekee. Huyu akitaka mbwa atoke husema “nje”, yule “toka”, mwingine hupiga mluzi. Mbwa hujifunza kwa kurudiwa jambo lile lile, si kwa kubahatisha.

Dawa yake ni kumteua mtu mmoja, kumwandikia saa na kipimo kwenye karatasi ukutani, na kumlipa. Dada aliyeajiriwa kupika na kulea mtoto hakuajiriwa kuokota kinyesi. Aulizwe kwanza kama anaogopa mbwa, na kama ni Mwislamu anayejihadhari na mate ya mbwa, bakuli na kijiko vya mbwa vikae mbali na vyombo vya nyumbani.

Karatasi hiyo itaje pia visivyoruhusiwa, maana mabaki ya mezani ndiyo yenye mtego. Mchuzi wetu hauanzi bila kitunguu, nacho huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Na unga ulioota ukungu, ule ambao husemwa “huu apewe mbwa”, unaweza kuwa na sumukuvu. Marekani, mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006, mbwa zaidi ya 100 walikufa kwa chakula kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo.

Haja ikishatoka ndani, kumgombeza saa kadhaa baadaye hakusaidii. Mwenye mbwa atasema anajua kosa lake, kwani ameinamisha kichwa. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alichapisha jaribio lililoonyesha kwamba sura hiyo ya hatia hutokea zaidi mbwa anapokaripiwa, awe amekosa au hakukosa. Afadhali nguvu ziishie kwenye kusafisha: sabuni ya unga yenye vimeng'enya huondoa harufu, wakati dawa zenye amonia hunukia kama mkojo na kumwita arudi pale pale.

Hata mbwa mkubwa hawezi kungoja kutwa nzima: nchini Sweden kanuni za ustawi wa wanyama zinataka wakati wa mchana mbwa atolewe nje angalau mara moja katika kila muda wa saa sita, na wadogo mara nyingi zaidi. Anayekaa ghorofani na hana wa kumsaidia anaweza kutandika magazeti kwenye pembe moja ya bafu, mbali na bakuli na pa kulala, kisha ayasogeze hatua kwa hatua kuelekea mlangoni. Barabarani asimpeleke kwanza mpaka chanjo zikamilike, kwenye wiki ya 16 hivi, kwa sababu virusi vya parvo hukaa udongoni kwa miezi.