Fahamu: Jinsi kompyuta inavyotabiri mafuriko ya mto

Aprili 2024 maji ya Mto Rufiji yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, Tanzania. Kompyuta inawezaje kuyaona mafuriko kabla hayajafika?

Kujua mvua pekee hakutoshi. GloFAS, mfumo wa Umoja wa Ulaya unaofuatilia mafuriko duniani, hugawa nchi kavu katika miraba yenye upana wa takriban kilomita 5. Kila mraba una udongo, mimea na mwinuko wake. Kompyuta hukokotoa maji yatakayonywewa na ardhi, yatakayogeuka mvuke na yatakayoteremka mtoni. Ardhi ikiwa imeshashiba maji, hata mvua ya wastani huweza kuleta gharika.

Hesabu hurudiwa mara 51, kila mara hali ya hewa ikibadilishwa kidogo. Matokeo 40 yakionyesha mto kufurika, tahadhari ina uzito. Yakiwa 5, hali ni ya kufuatilia kwa makini.

Hata hivyo, hesabu husahihishwa kwa vipimo vya mtoni. Kituo cha kupimia kina cha maji kikiachwa kiharibike, wanaoumia ni wakazi wa mabondeni. Serikali zetu zivitunze vituo hivyo, na taarifa zifike vijijini mapema.